Rangi ya kucha isiyo na kemikali kali: miezi minne ya kujaribu

Mimi sikuanzia kwenye kucha, nilianzia kwenye kope. Zilikuwa zinavimba, zinawasha usiku, ngozi inatoka magamba membamba. Nikausingizia wanja, nikautupa. Nikabadilisha sabuni. Wapi! Daktari wa ngozi alinishika vidole kabla hata hajaangalia macho, akaniuliza rangi ile nimepaka lini. Kumbe mzio wa rangi ya kucha mara nyingi hujitokeza kwenye kope na shingo, maana ngozi ya hapo ni nyepesi na mtu hujigusa uso siku nzima bila kujijua. Aliyeshukiwa ni resini inayotengenezwa kwa fomaldehaidi, ile inayoifanya rangi ishike na ing'ae.

Basi nikaanza kusaka rangi "salama", nikakutana na namba, yaani idadi ya kemikali zilizoachwa: haina 3, haina 5, haina 10. Zile 3 ni toluini, fomaldehaidi na DBP, kilainishi cha rangi. Kwenye 5 kwa kawaida huongezwa ile resini na kafuri, kwa hiyo kwangu mimi 3 haikutosha. Zaidi ya hapo kila kampuni inahesabu inavyopenda. Mwaka 2012 idara moja ya serikali ya jimbo la California ilipima rangi za saluni, ikakuta baadhi ya zilizojinadi kuwa hazina zile kemikali zinazo. Tangu nilipojua hilo, mbele ya chupa sisomi tena. Naigeuza.

Na nilipoigeuza ya kwanza niliyonunua, "haina 5" ya kujidai, nikakuta trifenili fosfeti, yaani TPHP. Huwekwa badala ya DBP ili rangi isikakamae na kupasuka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipima mkojo wa wanawake waliopaka rangi yenye kitu hicho, wakakuta mabaki yake yamepanda saa 10 hadi 14 baadaye. Walipovaa glavu na kupaka kwenye kucha za bandia, mabaki hayakupanda hivyo, kwa hiyo si harufu tu inayoiingiza mwilini. Chupa ile nikaiweka kando.

Nikajaribu rangi iliyochanganywa kwa maji. Harufu karibu hakuna, hilo naipa. Lakini nilipaka usiku, asubuhi nikaosha vyombo kwa maji ya moto, ya kidole gumba ikavuka nzima nzima kama ganda la yai la kuchemsha. Pengine ni nzuri kwa miguu.

Ninayotumia sasa ni "haina 10" ambayo nyuma nimeisoma neno kwa neno. Ina harufu, msidanganyike, kwa sababu bado imeyeyushwa kwa asetati, vimiminika vyenye harufu, na dirisha nafungua vilevile. Matabaka mawili yanatosha kwa rangi nzito. Zile za maziwa zinataka matatu. Hukauka taratibu kuliko yangu ya zamani, na siku ya nne ncha zinaanza kumeguka, hasa mkono wa kulia. Nyekundu iliniachia umanjano, kwa hiyo sasa natanguliza tabaka moja la ile isiyo na rangi. Jeli sijaigusa, ile ina mizio yake mingine, na juu ya hapo hukaushwa kwa taa ya UV.

Kope zilitulia wiki ya tatu. Wanja nimeurudisha.