Kitanda cha chumba kimoja: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Mtu anayepanga chumba kimoja Dar es Salaam, kile cha futi 10 kwa 10 au 10 kwa 12 kilichozoeleka Temeke, Mbagala na Manzese, anaweza kukosea meza akaisogeza, au kukosea pazia akalibadilisha, lakini akikosea kitanda ataishi na kosa hilo mpaka kodi iishe. Kitanda ndicho kitu kikubwa kuliko vyote chumbani. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100: godoro la 6 kwa 6 linameza 36 kati ya hizo, la 5 kwa 6 linachukua 30, la 4 kwa 6 linachukua 24 na la 3.5 kwa 6 linachukua 21. Hapo fremu haijahesabiwa, ilhali fremu ya mbao yenye mchago mpana huongeza inchi kadhaa kila upande, na mlango unaofungukia ndani nao unadai robo duara ya sakafu ambayo hakuna kitu kinachoweza kukaa juu yake.

Mpangilio ufuatao umefuata vigezo vitatu. Cha kwanza ni kiasi cha nafasi ambayo kitanda kinairudisha baada ya kuichukua. Cha pili ni kama kinafunguka vipande vipande na kupita mlangoni siku ya kuhama, kwa kuwa mpangaji wa chumba kimoja huhama. Cha tatu, ambacho wauzaji hawakitaji, ni kama kitanda kinafanya kazi yake bila kumtaka mwenyewe akihudumie kila asubuhi na kila jioni. Samani nyingi za kukunja hukunjwa kwa bidii wiki za mwanzo, kisha hubaki zimekunjuliwa moja kwa moja, na hapo faida yote iliyolipiwa imepotea.

Kuhusu ukubwa, ushauri wangu ni kuachana kabisa na 6 kwa 6, hata kama fundi atasisitiza kwamba ndicho kitanda cha mtu mzima. Kwa mtu mmoja, au wawili wasiojali kulala karibu, 4 kwa 6 inatosha. Wenza wanaotaka nafasi zaidi wachukue 5 kwa 6 na wakubali kupoteza meza.

Nafasi ya kwanza ninakipa kitanda cha kawaida kabisa chenye matendegu marefu na mvungu ulio wazi. Wengi huudharau mvungu kwa sababu vitanda vingi vya siku hizi vimeshushwa chini kiasi kwamba hata ndara huingia kwa shida, lakini ukimwagiza fundi akuachie sentimita 40 kutoka sakafuni hadi chini ya mfumbati, yaani ubao mrefu wa ubavuni, kitanda cha 4 kwa 6 kinakupa karibu mita 0.9 za ujazo. Kabati la nguo lenye upana wa sentimita 90, kina cha 50 na kimo cha 180 lina mita za ujazo 0.81. Kwa maneno mengine, mvungu huo ni kabati zima ambalo hulinunui, na ambalo halisimami ukutani likiziba mwanga wa dirisha. Sanduku la nguo lililolazwa huhitaji sentimita 25 hadi 30, kwa hiyo panabaki nafasi ya hewa kupita na ufagio kuingia. Watu wa Unguja na Lamu waliolalia samadari zilizoinuliwa hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Kitu kimoja tu kisiwekwe huko, nacho ni mtungi wa gesi: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia chini, na mvunguni hakuna upepo wa kuiondoa.

Kimo cha kulalia hakitakuwa cha ajabu iwapo chaga, yaani mbao za kukingama zinazobeba godoro, zitakaa juu ya vipande vilivyopigiliwa upande wa ndani wa mifumbati, karibu na ukingo wa chini, na godoro likawa la inchi 6: utalala sentimita 60 hivi kutoka sakafuni. Mjamzito, mzee au mtu mwenye maumivu ya goti apunguze mvungu hadi sentimita 30.

Swali la mbao au chuma linategemea mfuko na mahali. Mninga na mkongo ni mbao ngumu ambazo mchwa hawaziwezi kirahisi, lakini bei yake ni ya juu na uzito wake utaujua siku ya kuhama. Mtiki, ambao hupandwa Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, ni chaguo zuri la katikati. Msonobari unaotoka mashamba ya Sao Hill, Mufindi, ni mwepesi na wa bei nafuu, na hauna ubaya wowote kwa kitanda cha chumba kimoja iwapo umekauka vizuri na kutiwa dawa ya wadudu. Ubaya wake huanza pale fundi anapotumia mbao mbichi, kwa sababu ikikaukia chumbani hupinda, viungo vikalegea, na kitanda kikaanza kulia. Chuma hushinda mbao kwa jambo moja kubwa, nalo ni kunguni, ambao hukosa nyufa nyingi za kujificha, ingawa mabomba yaliyoachwa wazi mwishoni ni nyumba yao pia na yanapaswa kuzibwa. Hushindwa na hewa ya chumvi: ukikaa Kigamboni au Msasani karibu na bahari, kutu huanzia kwenye viungo vya kuchomelea, hivyo angalia hapo kwanza kama rangi imepita sawasawa.

Ukienda Keko, ambako mafundi samani wamejipanga kando ya barabara, vitanda vimesimamishwa vikiwa na vanishi inayong'aa na nailoni juu yake. Usikipime kwa kukitazama mchagoni. Omba kilazwe, fungua nailoni, kisha uangalie chaga, maana hapo ndipo fundi hubana gharama: mara nyingi utakuta kitanda chenye mifumbati ya mbao nzuri kimewekewa chaga za mabanzi, nyingine bado zina gamba la mti, kila moja na unene wake, zimeachana kiasi cha kupitisha mguu. Godoro la sponji huzama katika mianya hiyo na kukatika mapema. Mwanya kati ya chaga na chaga usizidi sentimita 7. Kwa chaga zenye upana wa inchi 4, kitanda cha futi 6 kinahitaji chaga kama 11. Kuanzia upana wa futi 4, dai mhimili wa katikati wenye mguu wake. Kisha pima ulalo, kutoka kona ya mchagoni kulia hadi kona ya miguuni kushoto, na kinyume chake: vipimo viwili vikitofautiana, kitanda kimekwenda upande. La mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote, mifumbati iungwe na mchago kwa bolti na nati, si kwa misumari. Kitanda cha misumari hakipiti kwenye korido ya nyumba ya vyumba sita bila kubomolewa, na kikishabomolewa mara mbili hakirudi kuwa kile kile.

Nafasi ya pili ni ya kitanda cha sanduku, kile ambacho godoro hunyanyuliwa pamoja na ubao wake na kuacha hifadhi chini. Kinapendeza, kinaficha vitu na vumbi haliingii sana. Nimekishusha kwa sababu tatu. Vingi vimetengenezwa kwa MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ambao ukipata maji, hata ya kudekia sakafu, huvimba na kuachia skurubu. Hewa haipiti ndani, na katika unyevunyevu wa pwani nguo zilizokaa humo muda mrefu hutoa harufu na kuota ukungu. Tena, kila unapotaka shati lazima uchomoe chandarua, utoe mito na kunyanyua godoro zima, kwa hiyo kinafaa kuhifadhia vitu vya msimu na si vya kila siku. Ndugu yake mwenye droo za pembeni yuko chini zaidi, kwani droo inahitaji karibu futi 2 za sakafu tupu mbele yake, na kitanda kikisukumwa pembeni mwa ukuta droo za upande mmoja hazitafunguka kamwe.

Kitanda chembamba cha ukutani, cha 3 kwa 6, kinachogeuka kiti mchana kwa kupangiwa mito mikubwa nyuma, ndicho cha tatu, na kwa mtu anayekaa peke yake na kupokea wageni mara kwa mara ningekipandisha hadi cha pili. Hakuna cha kukunja wala cha kukunjua. Kasoro yake ni kwamba kiti kizuri huwa na kina cha sentimita 55 hivi, ilhali futi 3 ni sentimita 91, kwa hiyo bila mito ya kujaza pengo hilo mgeni ataning'iniza miguu kama mtoto. Kimo nacho kisizidi sentimita 45 pamoja na godoro, jambo ambalo linakula mvungu. Huwezi kupata vyote viwili.

Kitanda cha juu, yaani deka ambayo chini haina kitanda bali meza au kabati, kinaonekana kwenye picha kama jibu la kila chumba kidogo. Dari ikiwa na futi 9, ambazo ni kama sentimita 274, ukijiachia sentimita 165 za kusimama chini yake, kisha uondoe fremu na godoro, unabaki na sentimita 85 hivi za kukaa kitandani, na watu wazima wengi hugonga kichwa. Nyumba isiyo na dari ni mbaya zaidi, kwa kuwa joto la bati hukusanyika huko huko juu unakolala. Na kama chumba kina pangaboi, achana na wazo hili hapo hapo. Ninakiweka nafasi ya nne kwa ajili ya mwanafunzi au kijana mwepesi mwenye chumba kirefu kwenda juu.

Kochi la kukunjuka kuwa kitanda linapata nafasi ya tano. Sponji inayofaa kukalia si ile inayofaa kulalia, bawaba huchoka, na likikunjuliwa linadai sakafu ile ile ambayo kitanda cha kawaida kingeichukua, huku likiwa limekunyima mvungu. Ni samani nzuri ya sebule ya mtu mwenye chumba kingine cha kulala.

Mwisho kabisa ni godoro sakafuni, ambalo siku hizi linasifiwa kama mtindo wa watu wa vitu vichache. Wajapani waliozoea futoni, yaani godoro jembamba la kukunjika, huilaza juu ya mikeka ya tatami inayopitisha hewa, na asubuhi huikunja na kuiweka kabatini, tena huianika. Godoro la sponji la inchi 8 halikunjiki, na sakafu ya saruji haipumui: jasho la usiku hushuka, likakutana na ubaridi wa sakafu, na baada ya miezi michache ukiligeuza utakuta madoa meusi ya ukungu. Ikiwa fedha haijatosha kwa sasa, weka chini yake chaga tupu zilizopigiliwa kwenye mbao mbili za inchi 2 kwa 4, na ulisimamishe ukutani kila unapotoka.

Kitanda cha kufungwa ukutani na kushushwa usiku sikukiweka katika mpangilio, kwa sababu kinahitaji kutoboa ukuta na kufunga bolti nzito, jambo ambalo wenye nyumba wengi hawaliruhusu. Vitanda vya sofa, vile vilivyovalishwa sponji na velveti, nimeviacha pia: mchago wao mnene unakula sakafu bila kurudisha chochote, na mishono yake ni maficho mazuri ya kunguni.

Godoro lipimwe kwa mizani, si kwa kubonyeza kwa kidole. La 4 kwa 6 la inchi 6 lina ujazo wa mita 0.34, sponji ya kilo 25 kwa mita ya ujazo italifanya liwe na kilo 8.5 hivi bila kitambaa, na muuzaji anayekuambia kuwa ni zito la daraja la juu huku likiwa na kilo 6 anakuuzia hewa. Uzito wa juu kidogo unafaa kwa mtu mnene.

Unapoagiza kwa fundi, vipimo viandikwe kwenye risiti: upana na urefu wa ndani, kimo cha mvungu, idadi ya chaga, aina ya mbao, na neno bolti. Mwagize pia atoboe matundu manne kwenye pembe za fremu kwa ajili ya nguzo za chandarua, kwa kuwa kazi hiyo ikifanywa kabla ya vanishi ni ya dakika chache. Malipo ya awali yasizidi nusu, na nusu ya pili itoke baada ya kitanda kufungwa ndani ya chumba chako na wewe kukaa ukingoni mwake, kila upande, ukisikiliza kama kuna kiungo kinacholia.