Tovuti ya fomu 34A: maoni ya mpiga kura wa mgombea aliyeshika mkia

Agosti 2022, katika uchaguzi wa urais wa Kenya, nilimpigia kura David Mwaure Waihiga wa chama cha Agano. Kwa hesabu ya IEBC, tume ya uchaguzi, tulikuwa 31,987 nchi nzima. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229, kwa hiyo hata tungegawanywa mmoja mmoja, tusingevitosha. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue maoni haya ya tovuti ya matokeo ya urais, zilikowekwa fomu 34A za matokeo ya kila kituo, yanatoka kwa nani. Sikuwa na ushindi wa kulinda wala kesi ya kupeleka Mahakama ya Juu. Nilichokuwa nacho ni kura moja, na hamu ya kujua kama iliandikwa mahali.

Kwanza kwa nini Waihiga, maana hadi leo nikimtaja watu hunitazama kama niliyesema nimehamia mwezini.

Mimi ni karani wa stoo. Kazi yangu ni kuhesabu kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na hivyo vitatu visipokubaliana, kuna mtu wa kuulizwa. Ukiifanya kazi hii miaka mingi unakuwa na sikio la wizi. Na katika wale wagombea wanne, huyu wakili mhubiri ndiye aliyeufanya wizi wa mali ya umma kuwa wimbo wake: washikwe walioiba, zirudishwe pesa zilizofichwa ng'ambo. Wenzake waliligusa suala hilo wakapita, kila mmoja ana mengi ya kuahidi. Yeye alikaa hapo hapo. Kama angeweza kuyatekeleza au la, hilo ni jambo jingine, na wala sikuwa najidanganya kwamba angefika Ikulu.

Kilichonimaliza kabisa ni mdahalo wa tarehe 26 Julai pale Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Karen. Alipangiwa kupambana na George Wajackoyah. Wajackoyah akakataa kupanda jukwaani, akitaka wagombea wote wanne wakutanishwe pamoja, na Waihiga akabaki peke yake mbele ya kamera. (Usiku huohuo William Ruto naye alisimama peke yake, maana Raila Odinga hakuja. Mdahalo wa watu wanne ukawa mahojiano mawili.) Mke wangu alitaka tubadilishe chaneli. Mimi nilitazama hadi mwisho. Mtu anajua fika kwamba kura za maoni hazimpi chochote, hana mpinzani wa kumrushia maneno, na bado amevaa suti yake amekuja kuulizwa maswali na kuyajibu moja baada ya jingine. Nikasema huyu angalau anaheshimu mwito.

Kuna sababu ya tatu, na hii ni ya kwangu zaidi kuliko ya mgombea. Mimi ni Mkisii niliyezaliwa na kukulia Nakuru. Hapa kwetu ukitaja jina la ukoo, mtu ameshajua utampigia nani, na asiyejua anakushauri kwa upole uangalie unaishi na akina nani. Kila upande ulikuwa umeshaniweka kwenye hesabu zake bila kuniuliza. Nilitaka, walau mara moja maishani, kura ambayo hakuna mtu angeweza kuikisia kwa kusikia jina langu.

Sasa tuje kwenye tovuti.

Wanaokumbuka 2017 wanajua tulikotoka. Mwaka ule tarakimu zilikuwa zinapanda kwenye skrini usiku kucha, lakini karatasi zilizozaa tarakimu hizo hazikuonekana kwa wakati. Upinzani ukadai seva zifunguliwe, nasi wananchi tukabaki kubishana juu ya mashine ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaufuta uchaguzi wa urais, tukarudi kupiga kura tarehe 26 Oktoba. Mwaka 2022 tume ikafanya kinyume chake: ikaweka karatasi na kuacha tarakimu. Ofisa msimamizi wa kituo anajaza fomu 34A, mawakala wanatia saini, ofisa anaipiga picha kwa kifaa cha KIEMS, kile cha kielektroniki cha tume kilichoko kituoni, picha inakwenda moja kwa moja kwenye tovuti ambayo mimi na wewe tunaifungua kwa simu. Basi.

Kwa mtu wa stoo hiyo ni lugha ya nyumbani. Fomu 34A ni kama karatasi ya kupokelea mzigo: ina kilichofika, kilichoharibika, aliyepokea na walioshuhudia. Mkubwa wangu anaweza kunitajia jumla yoyote anayotaka, mimi nitamwomba karatasi.

Kuitumia ni rahisi kuliko nilivyotarajia kwa kitu cha serikali. Unachagua kaunti, eneo bunge, wadi, kisha kituo, na picha ya fomu unaipakua. Hakuna kujisajili, hakuna neno la siri, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Tuliopiga kura Jumanne tarehe 9, kufikia Jumatano jioni fomu nyingi mno zilikuwa zimeshapanda, na mtu wa Nakuru aliweza kusoma fomu za Turkana au Kwale akiwa amekaa kitandani. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko afya inavyoruhusu. Bando liliisha, nikanunua jingine, nikaendelea.

Fomu yenyewe inafundisha. Majina manne yamepangwa kwa alfabeti: Odinga, Ruto, Waihiga, Wajackoyah. Kuna idadi ya waliosajiliwa kituoni, ambao hawazidi 700, kuna kura zilizokataliwa, kuna jumla ya kura halali. Unaona miandiko ya nchi nzima: walimu wenye herufi za ubaoni, vijana wenye haraka, mtu aliyekata tarakimu na kutia saini pembeni ili ijulikane ni yeye aliyekata. Unajua watu hawa wameamka usiku wa manane na wanaandika usiku mwingine. Picha nyingine zimepinda, nyingine zina kivuli cha mkono, lakini ukivuta skrini unasoma.

Kituo changu: Waihiga, 2.

Sikutarajia kufurahi namna ile kwa sababu ya namba mbili. Moja ni yangu, na imo. Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Mke wangu aliapa si yeye. Shuleni tulipopigia, wapiga kura tuligawanywa kwa herufi za majina, kwa hiyo huyo mwenzangu jina lake liko karibu na langu kwenye daftari, na huenda tulisimama foleni moja asubuhi ile tukilalamikia baridi. Nimejaribu kuuliza kwa kuzungukazunguka, dukani, kanisani, hata kwenye chama chetu cha mazishi. Hakuna aliyejitokeza. Ndugu yangu, au dada, popote ulipo: soda iko.

Lakini hapo hapo ndipo nilipoona dosari ya kwanza. Mahali mgombea amepata kura mbili na mtu mmoja ameshamtangaza mtaani kama mimi, siri ya kura imekonda. Mimi sijali. Kuna mwingine, mahali pengine, ambaye angejali sana. Sina dawa ya hilo, maana ukificha kituo unaua faida yote ya tovuti, ila ni vizuri wapiga kura wa wagombea wadogo walijue kabla hawajaanza kujitapa.

Dosari ya pili ni nzito na ina dawa. Fomu zina majina ya mawakala pamoja na nambari zao za vitambulisho, na zote zikamwagwa hadharani kwa yeyote mwenye simu. Katika nchi ambayo nambari ya kitambulisho ndiyo mlango wa laini ya simu, mkopo na kila kitu, huo ni uzembe. Saini inatosha. Nambari ingefunikwa kwenye nakala ya tovuti, ya asili ibaki kamili kwa ajili ya mahakama.

Ya tatu inajulikana na kila aliyekaa mbele ya televisheni wiki ile: tovuti haikujumlisha. Ilikupa karatasi elfu arobaini na sita na ushei ikakuacha na kikokotoo chako. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha kila kimoja kwa mpangilio wake, chaneli hii ikamweka Ruto mbele, ile Raila, saa ileile, na wote wakisoma fomu zilezile. Majirani zangu wawili nusura waache kusalimiana kwa sababu walitazama stesheni tofauti. Naielewa hoja ya tume kwamba kutangaza ni kazi ya Bomas, kituo kikuu cha kujumlishia kura Nairobi, lakini jumla ya eneo bunge, ikishathibitishwa kwenye fomu 34B, ingewekwa palepale kando ya picha, mtu alinganishe mwenyewe.

Hata hivyo, tovuti hii ilipita mtihani ambao haukuwa wa kubuniwa. Tarehe 15 Agosti Wafula Chebukati alimtangaza Ruto mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila, huku makamishna wanne kati ya saba wakiwa Hoteli ya Serena wanayakana matokeo hayo. Tume ilipasuka katikati mbele ya macho yetu. Fomu zikabaki mahali pake, mtu yeyote azisome. Kesi ilipofika kwa Jaji Mkuu Martha Koome na wenzake, uamuzi wa tarehe 5 Septemba ulisema hakukuwa na tofauti kubwa kati ya fomu zilizo kwenye tovuti na zile za karatasi zilizofikishwa Bomas, ya kuweza kubadilisha matokeo. Waliompenda Raila hawakuupenda uamuzi huo na sitawapangia wao cha kuhisi. Ninachosema ni kwamba safari hii tulibishana juu ya karatasi tuliyoiona, na ubishi wa namna hiyo una mwisho.

Mgombea wangu, kwa taarifa tu, alikubali kushindwa siku moja kabla ya kutangazwa mshindi, akampongeza Ruto. Kuna walionicheka. Mimi niliona ni sawa, maana naye bila shaka alikuwa amesoma fomu.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya vile vitambulisho vya mawakala, na nitairudisha 2027 nikiona vimefunikwa. Atakayeitumia mwaka huo, ushauri wangu ni huu: usianzie kwenye simu. Nakala ya fomu hubandikwa mlangoni mwa kituo baada ya kuhesabu. Nenda ukaipige picha wewe mwenyewe kabla mvua au watoto hawajaifikia, hata kama ni usiku, hata kama mgombea wako ana kura mbili, kisha kesho yake ufungue tovuti na kuziweka picha hizo mbili sambamba. Na nunua bando mapema, maana usiku ule hakuna duka litakalokuwa wazi.