Freni mpya za Starlet yangu, na garaji iliyotaka kuzungumza na mume wangu

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu limenikaa kooni tangu siku ile: "Mama, ita bwana yako, nimuelezee yeye." Aliyelisema ni mwenye garaji moja hapa Bukavu, mbele ya vijana wake wote, huku akijifuta mikono kwa kitambaa alichokitoa ndani ya gari langu bila kuomba. Gari ni langu na hati zake zina jina langu. Mume wangu hajawahi kushika usukani maishani mwake, na tunapoteremka kutoka Kadutu kwenda Nyawera yeye hufumba macho hadi tufike chini.

Gari ni Toyota Starlet ya miaka ya 1990, yenye usukani wa kulia kama mengi tuliyo nayo, na sina sababu ya kulisifu wala kulieleza zaidi, kwani kila mtu amewahi kupanda moja. Kilichonipeleka garajini ni safari ya Kamanyola. Tulikuwa tukiteremka milima ya Ngomo, iliyo njiani, nyuma ya lori, huku bonde likiwa wazi upande wangu, na kadiri nilivyokanyaga freni ndivyo kanyagio lilivyozidi kuzama na harufu ya kuungua kuingia madirishani, hadi nikabaki na gia ya kwanza na sala. Nilijifunza baadaye kwamba diski nyembamba za gari hili, zile sahani za chuma ambazo freni huzibana ili gurudumu lisimame, zikishika moto hazina pa kuupeleka, na kwamba mafuta ya freni hunywa unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka. Yale ya aina iitwayo DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishakunywa maji yanaweza kuchemka kwenye 155, na yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa, ndiyo maana mguu unazama na gari linaendelea.

Kwa hiyo niliamua kufunga mbele diski nene za Starlet ile ya turbo, zile zilizo na nafasi ya hewa katikati, pamoja na etrie zake, yaani vile vyuma vinavyozibana. Nilizipata za okazi, yaani zilizokwisha kutumika, zikiwa na kutu kidogo lakini nzima. Nyuma niliacha ngoma zake za zamani, nikanunua plaketi mpya, vile vibao vinavyosuguana na diski, na chupa mbili za mafuta ya freni, nikampelekea patroni huyu, mwenye garaji, kila kitu mkononi. Kazi ilikuwa ya siku moja. Ilichukua zaidi ya wiki.

Siku ya kwanza nilipolichukua gari, kanyagio lilikuwa laini kama godoro. Nikikanyaga mara moja linakwenda karibu na sakafu. Nikipiga mara mbili tatu linapanda. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha jiografia, nilijua kwamba ndani kuna hewa. Nilimwambia hivyo. Alitoa hewa upya, akanirudishia gari lilivyo. Nilirudi. Akasema pampu kuu ya freni imechoka, nikalipa dola 40 kwa nyingine ya okazi, na kanyagio likabaki godoro lilelile. Niliporudi mara ya tatu akasema kwamba mimi ndiye ninayekanyaga vibaya, kwamba freni za namna hii zinataka mguu wa mwanamume, kisha akatoa lile neno nililoanza nalo. Sikumjibu. Nilikaa juu ya tairi kuukuu, nikasema siondoki na gari hilo kwa sababu njia ya kurudi nyumbani ni mteremko mtupu.

Patroni alipokwenda kula, kijana mmoja wa garaji, wa miaka labda kumi na saba, alichuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto ambalo lilikuwa bado limefunguliwa, akaweka kidole chini ya etrie na kukiacha hapo. "Mama, angalia. Huyu mdomo wa kutosha hewa uko chini. Hewa haishukake, Mama. Inapandaka." Niliinama kuangalia, sketi yangu ikigusa oili. Parafujo ndogo ya kutolea hewa, yenye kofia ya mpira, ambayo inapaswa kuwa juu kabisa ya etrie, ilikuwa imeelekea ardhini, na ya upande wa kulia vilevile. Walikuwa wamefunga ya kushoto kulia na ya kulia kushoto! Wiki nzima walikuwa wakitoa mafuta kwa chini huku hewa imejikalia juu.

Alizibadilisha mwenyewe. Aliingiza mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye chupa ya soda, akaniomba nikanyage na kushikilia, na mimi, kwa mguu wangu huohuo wa kike, nikakanyaga. Mapovu makubwa yalitoka mfululizo, kisha madogo kama ya uji unaoanza kuchemka, kisha mafuta matupu. Kanyagio likawa gumu. Patroni aliporudi na kukuta kazi imekwisha, alimgombeza kijana kwa kugusa gari la mteja bila ruhusa.

Sasa niseme ukweli, hata kama unaniuma. Freni hizi ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Nimerudi Ngomo na gari limejaa watu na magunia, nikateremka hadi chini, na kanyagio lilikuwa palepale lilipokuwa juu. Nilikusudia kuandika kwamba mtu asiikaribie garaji hiyo, lakini bei yao ya kazi ilikuwa ya haki, na kijana yule ana akili ambayo sijaiona kwa mafundi wenye mvi. Nilikuwa tayari kusema nendeni, mumtafute yeye, mumpe chochote mkononi kama nilivyompa mimi, na mwenye garaji mumwache na kelele zake. Dola 40 za pampu nilikuwa nimeshazisamehe.

Lakini majuzi nilimpigia patroni simu kuhusu diski zangu za zamani, ambazo zilibaki kwake na ambazo jirani yangu mwenye Starlet kama yangu anazitaka. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba zipo, amezihifadhi vizuri, nimtume bwana yangu azichukue.