Third Street Promenade, Santa Monica: achana na maduka, nenda kaangalie watu

Niseme mapema ili nisimpotezee mtu nauli. Kama unachotafuta ni nguo au viatu, Third Street Promenade haina kitu ambacho hutakipata kwingine Los Angeles kwa bei nafuu zaidi. Mimi bado naenda, na mgeni akinifikia kutoka nyumbani nampeleka, kwa sababu nyingine kabisa. Huu ni mji wa magari. Mahali pa kutembea katikati ya barabara, ukasimama, ukakaa, ukawatazama watu bila mtu kukuuliza unasubiri nini, ni pa kutafuta kwa tochi.

Wenyewe ni mtaa mmoja tu wa Santa Monica, mji wa pwani unaopakana na Los Angeles, kipande cha Third Street kuanzia Broadway hadi Wilshire, umegawanyika vipande vitatu. Magari hayaingii, isipokuwa kwenye njia mbili zinazoukata, Santa Monica Boulevard na Arizona. Mwenye watoto awe macho hapo, maana mtoto akishazoea kukimbia huru hakumbuki taa za barabarani. Ulifungwa kwa magari mwaka 1965 ukiitwa Santa Monica Mall. Mwaka 1980 likafunguliwa jengo la maduka la ndani upande wa kusini, Santa Monica Place, mchoro wa msanifu majengo Frank Gehry, na wateja wakalifuata. Mtaa ukapwaya, hadi ulipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 1989 kwa jina la sasa, na majumba ya sinema yakapewa nafasi humo. Kichekesho ni kwamba lile jengo nalo baadaye likapwaya, likavuliwa paa, likafunguliwa tena 2010 likiwa wazi juu, watu waone anga. Kwa maneno mengine, jengo lilikubali yaishe.

Sasa hivi ni zamu ya mtaa tena kuumwa. Tangu korona fremu nyingi zimekaa tupu. Unapita vioo vilivyobandikwa matangazo ya kupangisha, ndani kiza na mabaki ya rafu. Mama mdogo wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alisimama mbele ya fremu moja ya kona, akaitazama juu mpaka chini, akaniuliza kodi yake kwa mwezi. Nikampa makadirio. Akasema, "Ndiyo maana, baba. Hapa hata dalali anaogopa kupiga simu."

Lakini fremu zikiwa tupu, mtaa haujawa mtupu, na hapo ndipo hesabu yangu inapoanza. Watu wanafuata wasanii. Ukiingia jioni ya Jumamosi kuanzia Broadway, unapita binti mwenye gitaa na spika ndogo, halafu mzee wa saksafoni, halafu watoto wa dansi, mchawi wa karata, mchoraji anayekuchora kichwa kikubwa kuliko mwili. Kila mmoja anahitaji kibali cha manispaa, na sheria inawataka wahame sehemu kila baada ya saa mbili. Ukikaa muda mrefu utaona wanavyokunja nyaya na kusukuma vitoroli vyao, mtaa mzima unabadilisha viti. Mimi naipenda sheria hiyo. Hakuna anayemiliki kona nzuri, na mwenye duka hateswi na wimbo uleule kuanzia mchana hadi usiku. Andy Grammer, mwimbaji wa pop wa Marekani, kabla dunia haijamjua, alikuwa akiimba hapohapo barabarani. Usitegemee kila mmoja awe wa kiwango hicho. Wengi wanaimba nyimbo za watu, na wakikaribiana mno spika zinagombana, ukisimama katikati husikii huyu wala yule.

Kundi lililotukalisha siku ile lilikuwa la vijana wa sarakasi. Walianza na watu sita wakitazama, nusu saa baadaye hakuna pa kupita. Wakachagua watazamaji wanne, wakawapanga mstari, wakawainamisha, na kijana mmoja akatangaza kwamba atawaruka wote kwa mkupuo bila kugusa mgongo. Akarudi nyuma. Akavua fulana. Akavuta pumzi, akaanza kukimbia, akafika karibu, akasimama. Amekumbuka jambo. Kofia bado haijapita! Basi hotuba ikaanza: kwao wako wangapi, kodi ya nyumba, noti ya dola moja inavyokubalika na noti ya ishirini inavyokubalika zaidi, na kama huna taslimu kuna alama ya kuskani kwa simu pembeni ya spika. Wale wanne bado wameinama.

Mama mdogo akanivuta shati. "Baba, huyu ni muuza dawa wa stendi huyu! Nyoka hatoki kwenye boksi mpaka umenunua."

Alicheka hadi akatafuta pa kuegemea. Tofauti ni kwamba kijana aliruka kweli, na wa mwisho katika mstari alikuwa baba mmoja mrefu ambaye mkewe alikuwa ameziba macho. Mama akatoa dola mbili, akaniambia niitafsiri: ile ni zawadi, si kiingilio. Sikuitafsiri, kijana alikuwa ameshahamia kwa mwingine.

Kwa mtu mzima mwenye kupenda sokoni, hata hivyo, siku ya kumpeleka ni Jumatano asubuhi. Soko la wakulima linapangwa barabarani Arizona na kandokando yake, Jumatano na Jumamosi, hadi saa saba mchana. La Jumatano lilianza 1981 na ndilo kubwa. Utawaona wapishi wa mahoteli na mavazi yao meupe wakibishana juu ya mchicha wa rangi. Sharti la masoko haya California ni kwamba anayeuza ndiye aliyelima, yeye au mtu wa shamba lake. Hakuna mchuuzi wa kati, na bei si ya mchezo, lakini kuonja ni bure na hakuna anayekununia.

Mama alitia nanga kwenye meza ya tende. Alichukua moja, akaibonyeza, akainusa, akaitazama kitako kama kuna mdudu, ndipo akala. Mezani kulikuwa na tende za Medjool, nene, ngozi imekunjamana, kokwa inatoka bila kung'ang'ania. Zinalimwa katika bonde la Coachella, jangwani mashariki ya huku. Mbegu hiyo ililetwa Marekani mwaka 1927 kutoka Moroko, miche kumi na moja tu, kwa sababu kule ugonjwa ulikuwa ukiangamiza mitende. Miche tisa ikapona, na sehemu kubwa ya Medjool za Marekani ni uzao wake. Nilipomsimulia, hakushangazwa na miche. Alishangaa kwamba siku zote hizi tunamwambia kwenye simu Ramadhani ya ugenini ni ngumu, kumbe tende ziko mlangoni. Alinunua kilo mbili, na muuzaji akaongeza ya mkononi bila kuombwa.

Adhuhuri tulivuka mitaa miwili hadi Palisades Park, bustani ndefu juu ya jabali linalotazama bahari. Nyasi safi, kivuli kipo, watu wana shughuli zao, mama akaswali bila mtu kugeuza shingo. Kwa wanaouliza: kibla kwa huku ni kaskazini-mashariki, yaani bahari unaipa mgongo. Anayetaka msikiti kamili aende King Fahad, Culver City.

Njiani kuelekea gati la Santa Monica ndiko walikojaa machinga. Embe, tango, tikiti na nazi, vinakatwa ukiona, vinakamuliwa ndimu na kunyunyizwa pilipili na chumvi. Mama aliuliza nani kawafundisha. Ni mapishi ya Kimeksiko, na mkono wa mama aliyetuuzia ulikuwa mwepesi kwa kisu kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kumwona. Biashara hii hapo zamani ilikuwa ya kukimbizana. Mwaka 2018 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuondoa adhabu za jinai kwa wauzaji wa kando ya barabara, ingawa kila mji umebaki na mamlaka ya kupanga masharti ya wapi na vipi. Kwa hiyo mgambo wapo, na nimeona wauzaji wakifunga mwavuli kwa haraka ambayo Mkariakoo yeyote angeitambua. Gati lenyewe ni la 1909, lina bembea kubwa na kelele za kutosha. Nilipita haraka. Ukiwa na watoto hutapita haraka, na mfuko wako utajua.

Kufika: usiende na gari kama unaweza kuepuka. Treni ya mstari wa E ilifika Santa Monica mwaka 2016, miaka zaidi ya sitini tangu reli ya zamani iondoke. Kutoka katikati ya Los Angeles ni kama dakika hamsini, nauli dola 1.75, na stesheni ya mwisho iko hatua chache kutoka mwanzo wa mtaa. Mwenye gari atapata majengo ya maegesho Second na Fourth Street. Asome bei kabla ya kuingia.

Kwenye kula nimewapunguzia alama. Mgahawa mmoja wa kukaa nje, sitautaja, ulituandikia asilimia ya "huduma" ndani ya bili, kisha mashine ikaomba bakshishi juu yake. Soma risiti mpaka chini. Siku hizi nanunua matunda ya machinga na mkate wa sokoni, nakaa kwenye benchi karibu na chemchemi za dinosauri, wale wanyama wa chuma waliofunikwa mimea wanaotema maji. Watoto wanawapenda kuliko duka lolote la vitu vya kuchezea.

Jambo la mwisho ni la saa. Tangu 2025 manispaa imeruhusu watu kutembea na vikombe vya pombe mtaani jioni za wikendi, ili kuvuta wateja. Sijaona fujo, ila sauti zinapanda. Mwenye wazazi au wageni wasiopenda hayo aende asubuhi ya Jumatano au alasiri ya katikati ya wiki, wasanii watakuwepo ingawa wachache. Jumamosi usiku waachie vijana. Nimetoa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano imebaki kwenye zile fremu tupu na ile bili. Bebeni noti ndogondogo, za dola moja moja, maana kofia zitapita nyingi na hakuna anayerudisha chenji.