QGIS kwa ramani za dunia za kubuni: uzoefu wangu kutoka Goma

Ramani nyingi za michezo ya kuigiza wahusika (RPG, ile ya mezani kama Dungeons & Dragons) zinajitangaza kuwa za uongo kwenye mito. Mchoraji anaanza na pwani, anabandika milima palipobaki wazi, kisha anamwaga mito ambayo inagawanyika ikishuka, na ziwa moja linatoa mito mitatu. Sisi wa kando ya Kivu hatudanganyiki: ziwa lote hili, kilomita 90 hivi toka kaskazini hadi kusini, lina mlango mmoja wa kutokea maji, Ruzizi pale Bukavu. Kwa hiyo mimi sichori ardhi tena. Ninaazima ya kweli na kuipa majina mengine.

Kazi hiyo naifanya kwa QGIS, programu ya bure ya ramani. Naipa nne kati ya tano. Nyota moja imepotea kwa sababu programu haikwambii unapokosea. Inatoa picha mbaya tu na kunyamaza. Kifurushi cha kuisakinisha kwenye Windows ni kizito, basi kipakue usiku.

Vimo vya ardhi vinatoka kwenye data za SRTM, zilizopimwa kwa rada toka chombo cha anga Endeavour mwezi wa pili 2000. Unafungua akaunti ya bure ya Earthdata ya NASA, unachukua vipande. Kila kipande ni digrii moja kwa moja, pikseli 3601 kwa 3601, takriban mita 30 kila pikseli. Kivu yote inahitaji vinne: S02E028, S02E029, S03E028 na S03E029. Jina linafuata kona ya kusini-magharibi, ndiyo maana Goma imo ndani ya S02 na si S01. (Lava iliyoingia ziwani Januari 2002 haimo, maana vipimo vilitangulia. Mchezo hauna shida na hilo.)

Ukishaunganisha vipande, badilisha mfumo wa kuratibu kwenda EPSG:32735, yaani UTM 35 Kusini, unaopima mlalo kwa mita badala ya digrii. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Data inakuja na digrii kwa mlalo na mita kwa kimo. Ukiagiza kivuli cha milima, ile kazi ambayo menyu ya Kifaransa inaita Ombrage, bila kubadilisha, kompyuta inachukulia mita 3470 za Nyiragongo kana kwamba ni digrii 3470, na picha nzima inatoka weusi na weupe mtupu. Na wakati wa kubadilisha, usiache mbinu ya kukadiria pikseli kwenye jirani wa karibu. Weka Cubique, la sivyo kivuli kitajaa mistari kama kitambaa kilichofumwa vibaya.

Sasa bahari. Fungua Calculatrice raster (kikokotoo cha pikseli), andika "kivu@1" > 1600, ambapo kivu ni jina la tabaka lako la vimo: palipo juu ya mita 1600 panabaki ardhi, pengine panakuwa maji. Uso wa ziwa uko mita 1460 hivi, kwa hiyo umepandisha maji mita 140: Goma karibu yote inazama, kisiwa cha Idjwi kinapungua, mabonde ya upande wa Rwanda yanakuwa ghuba nyembamba. Pwani kama hiyo mkono hauwezi kuibuni. Ila hesabu hiyo haijui maji gani yameungana na yapi hayajaungana. Kila palipo chini ya 1600 panageuka maji, pamoja na nyanda za magharibi kuelekea Walikale. Chora poligoni kuzunguka maji unayoyataka, ukate mengine.

Ili wachezaji wasiitambue Kivu, ninageuza picha digrii 180 ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha. Angalia mwanga! Ombrage huangazia toka kaskazini-magharibi, azimuti (mwelekeo wa mwanga kwa digrii toka kaskazini) 315. Ukigeuza baadaye, mwanga unatoka kusini-mashariki na macho yanaona milima kama mashimo. Weka azimuti 135 tangu mwanzo. Ikigeuzwa inakuwa 315. Majina na mishale ya kaskazini viandikwe baada ya kugeuza, bila shaka.

Gridi ya pembe sita inatoka kwenye Créer une grille, nafasi mita 5000. Kwa kipimo cha 1:250,000 kila pembe sita ina upana wa sentimita 2, na upande mrefu wa A3 unabeba kilomita 105, yaani ziwa lote. Kundi linalotembea kilomita 20 kwa siku linavuka nne. Ukigeuza picha, geuza gridi pamoja nayo.

Anayetaka dunia nzima yenye falme na mipaka kwa dakika moja atumie jenereta ya Azgaar, tovuti inayobuni ramani yenyewe. Hiyo ni kazi nyingine.

Kuchapisha: toa picha kwa nukta 300 kwa inchi, pikseli 4961 kwa 3508 kwa A3. Kivuli kiwe tabaka la kuzidisha (multiply, linalotia giza rangi zilizo chini yake) lenye nguvu ya asilimia 40 hivi, kwa sababu wino unatia giza kuliko skrini. Lipia kwanza kipande kimoja cha A4 chenye mlima mrefu kuliko yote. Kama majina juu yake yanasomeka, mengine yatasomeka.