Rekodi za Gina Bachauer za Mercury: anza na Ravel, Chopin iweke mwisho

Ushauri wangu kwanza, asiye na muda achukue aende zake: kama unapenda piano ya klasiki, au unapiga kibodi kanisani na unataka kusikia mkono wa kushoto unaofanya kazi kweli, tafuta zile rekodi alizofanya mpiga piano Gina Bachauer na kampuni ya rekodi ya Mercury miaka ya 60. Anza na Gaspard de la nuit ya Ravel, fuata na konseto (kipande kirefu cha piano na okestra) namba 2 ya Brahms, Chopin iweke mwisho au iache kabisa. Ziko Spotify na YouTube. CD itabidi uagize nje, maana Kampala mimi sijaona duka linaloziuza, na akitokea mtu akakwambia sokoni Owino zipo basi huyo anataka hela yako ya boda tu.

Mama mwenyewe ni Mgiriki, kazaliwa Athens 1913, baba ana asili ya Austria na mama ya Italia ndo maana jina halifanani kabisa na majina ya Kigiriki tuliyozoea. Alisoma konsavatori (chuo cha muziki) ya pale Athens, akaenda Paris kwa mpiga piano Alfred Cortot, halafu akapata masomo kwa Rachmaninoff mwenyewe, yule mtunzi na mpiga piano wa Urusi, na Rachmaninoff hakuwa mwalimu wa kukaa darasani, alikuwa mtu wa ziara, kwa hiyo binti anamfuata huko huko aliko Ulaya ili apigiwe kelele kidogo na mzee. 1933 akapata medali Vienna, 1935 akapanda jukwaani na okestra ya Athens chini ya mwongoza okestra Mitropoulos, yaani mambo yameanza kunyooka, kumbe vita inakuja.

Vita ikamkuta Misri, Alexandria, na hapo ndo sehemu ya maisha yake ninayoipenda kuliko zote. Aliwapigia wanajeshi wa Washirika Mashariki ya Kati konsati zaidi ya 600. Mia sita jamani! Watu wengine wana kazi nzima ya muziki ya miaka ishirini na hawajafika hapo, na hawa si watu wa suti waliokata tiketi, ni vijana wamechoka, wana jua kichwani, wengine labda hawajawahi kusikia piano ya namna hiyo. Baada ya vita akaenda London akapiga Royal Albert Hall na mwongoza okestra Alec Sherman (akaja kuolewa naye 1951), na 1950 akafika New York, ukumbi unaitwa Town Hall, usiku wa kwanza wakaja watu 35 tu. Thelathini na tano, hata jumuiya yetu ya mtaani inajaza zaidi ya hapo siku ya mvua. Lakini waandishi wa magazeti walikuwepo, wakaandika vizuri, na kuanzia hapo Marekani ikamfungukia. Alikuwa na miaka 37, umri ambao wapiga piano wengi maarufu wanakuwa wamezoea makofi siku nyingi.

Mimi nasema hiyo historia unaisikia kwenye vidole. Huyu hapigi kama mtu aliyekulia kwenye sebule yenye zulia, anapiga kama mtu anayetaka hata askari wa mstari wa mwisho asikie, besi iko chini imesimama, hakuna noti inayoombewa msamaha.

Sasa Gaspard. Ravel aliiandika 1908, vipande vitatu kutokana na mashairi ya Aloysius Bertrand, na kwenye rekodi hii wamefanya kitu cha ajabu kidogo, kabla ya kila kipande mwigizaji wa Uingereza John Gielgud anakusomea shairi lenyewe kwa Kiingereza. Wapo wanaoichukia hiyo sauti wanasema tumekuja kusikia piano. Mimi niko upande wa Gielgud, kwa sababu kipande cha pili, Le Gibet, kina noti moja ya B flati inayogonga toka mwanzo hadi mwisho, ni kengele ya mji wa mbali huku maiti ya mtu aliyenyongwa inaning'inia jua likizama, na usipopewa shairi kwanza utadhani piano imekwama. Bachauer anaigonga ile kengele bila haraka na bila huruma, haiongezi haipunguzi, mpaka unakereka, halafu unaelewa kwamba kukereka ndo kwenyewe. Ondine, yule binti wa majini, wapigaji wengi wanamfanya ukungu, huyu kwake ni maji yenye uzito, aliyewahi kusimama pale kwenye maporomoko ya Murchison atanielewa. Na Scarbo, kijitu cha usiku ambacho Ravel alikusudia kiwe kigumu kupita Islamey ya Balakirev, kipande cha piano kilichosifika kwa ugumu, anakipiga vizuri sana ingawa sio kwa kasi ya kutisha kama vijana wa siku hizi, anachagua vitisho vya chini, vile vya besi. Usibonyeze ile ya kuchanganya nyimbo, ukichanganya umeharibu kila kitu.

Brahms namba 2 yuko na London Symphony Orchestra, anaongoza Stanislaw Skrowaczewski. Ni konseto kubwa, sehemu nne badala ya tatu tulizozoea, karibu dakika 50, tafuta muda. Inaanza na honi (ile ala ya kupuliza ya okestra, sio ya gari) peke yake, piano inaitikia, na muda si mrefu vita inaanza. Ila kilichonishangaza ni sehemu ya tatu, pale chelo, ile fidla kubwa, inachukua wimbo na piano inabidi ikae pembeni isubiri, na mama wa mkono mzito anakaa kweli, anakuja taratibu sana.

Kuhusu sauti: Mercury walisifika kwa kurekodi na maikrofoni tatu tu bila kuchezea chezea, kwa hiyo okestra iko karibu na wewe, mvumo wa tepu upo kidogo lakini unazoea. Spika ya simu usijaribu, besi inapotea na besi ikipotea nusu ya Bachauer imeondoka. Tumia hedifoni au omba spika za kanisa mchana kama fundi wenu ana roho nzuri. Na daunilodi kabisa kwa waifai ya mtu, bando langu (kampuni siitaji) limenikatia katikati ya Scarbo nikabaki nimekodoa macho.

Chopin zile konseto mbili na mwongoza okestra Antal Dorati, mwalimu wetu wa kwaya anazipenda na ananibishia kila tukikutana, ila mimi naona pumzi hakuna, Chopin anataka kuimba na huyu anataka kujenga nyumba. Huyo Dorati ndiye aliyekuwa aongoze Athens tarehe 22 Agosti 1976, Bachauer apige na National Symphony Orchestra ya Washington, na siku hiyo hiyo moyo ukasimama akafariki. Shindano la piano la kimataifa la Salt Lake City, Utah lina jina lake mpaka leo, walio na watoto wanaosomea piano walifuatilie.

Kwangu mimi Gaspard nyota tano, Brahms nne na nusu, Chopin mbili, na hizo mbili nimempa Dorati na okestra yake.