Raba za 2E kutoka Mlango Mmoja: miezi mitano na mguu wenye nundu

Nimezivaa miezi mitano sasa, karibu kila asubuhi isipokuwa Jumapili, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi narudi kutoka mazoezini bila kukimbilia kuvua viatu mlangoni. Ni New Balance 880 za wanaume, namba 40 yenye upana wa 2E, yaani pana kuliko kawaida, rangi ya kijivu, za mtumba, nilizonunua soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, kwa shilingi 45,000. Nawaandikia wenye mguu kama wangu: kidole gumba kimewalalia wenzake, na pembeni, pale kinapoanzia, imetokeza nundu ngumu inayogombana na kila kiatu.

Mguu huu ni wa mama yangu mtupu. Yeye aliuza dagaa Mwaloni Kirumba zaidi ya miaka 20, na vidole vyake vimepinda kuliko vyangu, lakini sijawahi kumsikia akilalamika. Alivaa ndala. Ndala haina ukuta wa pembeni, nundu yake haikuwa na cha kusuguana nacho. Mimi ni mwalimu. Tangu chuo nimevaa viatu vya kufunika, vilivyochongoka mbele, na kutwa nzima nimesimama ubaoni. Maumivu yalizidi nilipojiunga na kikundi cha mazoezi cha mtaani kwetu. Tunaondoka Kirumba saa 11 na nusu alfajiri, tunashika barabara ya Makongoro hadi mjini, tunapita Kamanga jiwe la Bismarck likiwa bado jeusi majini, tunazunguka Capri Point, tunarudi. Nilifika mahali nikawa nahesabu hatua zilizobaki.

Daktari wa mifupa niliyemwona hospitali ya Bugando alinionyesha kwenye picha ya eksirei jambo nililokuwa silijui. Nilidhani ni mfupa mpya umeota. Kumbe ni kiungo chenyewe: mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba umesogea kuelekea mguu mwenzake, kidole nacho kikainamia upande wa vidole vingine, ndipo kiungo kikabaki kimetokeza kama kiwiko. Akasema kinachorithiwa ni umbo la mguu, na kiatu chembamba kinakuja kuongeza shida juu yake. Vile vipande vya silikoni vya kutenganisha vidole vinaweza kupunguza msuguano, ila mfupa havirudishi. Anayetaka unyooke kabisa ni upasuaji, mfupa ukatwe na kupangwa upya, kisha wiki kadhaa za kujiuguza. Mimi nikiwa pekupeku siumwi, kwa hiyo aliniambia nianze na kiatu.

Nilianza vibaya. Kwenye duka moja mjini niliomba raba pana, muuzaji akaniletea namba kubwa zaidi. "Chukua 41, mama, utapata nafasi." Nikalipa 85,000. Nafasi kweli niliipata, lakini mbele ya vidole, si pembeni kwenye nundu. Raba ndefu ina madhara ambayo sikuyajua: soli yake inajikunja mahali ambapo mguu haukunjiki, kisigino kinapwaya, na kwenye mteremko mguu mzima unateleza kwenda mbele. Mwanza ni jiji la miamba, ukipanda lazima ushuke. Siku niliposhuka Capri Point na raba zile, kucha ya kidole gumba ilifanya damu chini yake, na nundu bado ilikuwa imeiva kama nyanya.

Pea ya pili nilinunua kwa machinga, nikaambiwa maneno ambayo kila mwanamke wa hapa ameambiwa: "Vaa tu, itajipanua yenyewe." Haikujipanua. Nikaipeleka kwa fundi viatu, na yule mzee namshukuru mpaka leo kwa kukataa hela yangu. Alinionyesha kwamba juu ya kitambaa pale pale nundu inapokaa kuna ukanda wa plastiki uliobandikwa. Ngozi, akasema, ukiilowesha na kuitia mti wa kupanulia, inakubali. Plastiki haikubali, itakatika. Nilirudi nyumbani nikaitoboa kwa wembe. Nilipata nafuu wiki mbili, kisha mvua za masika zikaanza, na kila dimbwi likawa linaingia kupitia kile kitundu.

Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa natafuta urefu wakati shida yangu ni upana. Namba ya kiatu haisemi lolote kuhusu upana. Kuna kampuni chache zinazotengeneza namba moja kwa mapana mbalimbali na kuyaandika kwa herufi, na New Balance ni mojawapo. Ilianzia Boston, Marekani, mwaka 1906, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutengeneza vitegemeo vya kuweka chini ya unyayo ndani ya kiatu, viatu vyenyewe vilikuja baadaye. Kwenye viatu vyao vya wanawake, B ni upana wa kawaida na D ni pana. Kwa wanaume, D ndiyo ya kawaida, 2E ni pana, 4E ni pana zaidi. Mwanamke mwenye nundu asione haya kuchambua rundo la wanaume. Rangi zitakuwa za kijivu na nyeusi, lakini mguu utapata pa kukaa.

Mtumba hauna anasa ya kuomba upana unaoutaka, unachukua kilichoshuka na robota. Kwa hiyo nilijiandaa. Jioni moja, baada ya siku ya kusimama darasani, nilisimama juu ya boksi la katoni, binti yangu akachora mguu wangu kwa kalamu iliyosimama wima. Jioni mguu huwa umevimba kidogo, na kiatu kinachotosha saa hiyo kitatosha saa zote. Wa kulia ulikuwa sentimita 24 kwa urefu na 10 na nusu pale penye nundu. Wa kushoto ni mwembamba kidogo, nikauacha, maana unanunua kwa kufuata mguu mkubwa. Nikakata lile umbo, nikalitia kwenye pochi.

Kijana wa pale Mlango Mmoja alishangaa kuniona nachomeka kipande cha boksi kwenye raba zake. Kikijikunja pembeni, naiweka chini na kuchukua nyingine, sina haja hata ya kuvua viatu. Nilirudisha zaidi ya 10. Alipoelewa ninachotafuta akaanza kufunua ndimi za raba na kunisomea maandishi: "D, mama... hii D tena... hii imeandikwa 2E." Boksi likalala bila kujikunja. Tukatoa soli ya ndani, nikasimama juu yake kwenye gazeti, na kwa mara ya kwanza nundu yangu haikuning'inia nje ya ukingo. Mbele ya kidole kirefu ilibaki nafasi ya kama upana wa kidole gumba cha mkono. Alitaka 60,000. Tulielewana.

Sasa raba zenyewe. Pale penye nundu pana kitambaa cha wavu kitupu, hakuna mshono wala plastiki, na hicho ndicho kilichoniponya zaidi kuliko hata upana. Ukishika raba yoyote, pitisha kidole kwa ndani sehemu hiyo. Ukigusa mshono mgumu, achana nayo. Wekundu uliokuwa hauondoki ulipungua ndani ya wiki tatu. Sugu juu ya kidole cha pili, iliyotokana na kubanwa na gumba, imelainika. Nundu yenyewe iko vile vile, na sikutarajia vinginevyo. Sasa natembea mzunguko wote, na sehemu ya Makongoro nakimbia polepole.

Kisigino kilipwaya siku za mwanzo, kwa sababu kisigino changu ni chembamba wakati mbele nimejaa. Kamba ndiyo dawa. Yale matundu mawili ya mwisho juu karibu na kifundo yanatumika kutengeneza vitanzi viwili, kila kamba inapita kwenye kitanzi cha upande wa pili, ndipo unafunga. Mguu haurudi mbele tena, hata mteremkoni. Na chini, usawa wa nundu, nimeruka tundu moja upande wa ndani ili kamba isivute kitambaa pale. Haya mambo mawili yangeweza kunisaidia hata kwenye viatu vyangu vya zamani, nasikitika sikuyajua.

Kwa kuwa ni mtumba, kagua mambo ambayo mwenye duka la viatu vipya hana haja ya kukuambia. Bonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, sponji imeshazeeka hata kama juu inang'aa. Ikunje uone kama gundi inaachia. Iweke mezani uitazame kwa nyuma, kama aliyeivaa kwanza ameilemaza upande mmoja, itakulemaza na wewe. Zangu zilikuwa zimelika kidogo kisigino cha kulia, nikakubali.

Kwa anayeuliza kama ningezinunua tena kwa bei ile ile, ndiyo, na ningeongeza. Yule kijana ameandika "40, 2E" kwa chaki kwenye ubao wa kibanda chake, na robota jipya likifunguliwa ananipigia simu. Jumamosi iliyopita aliniita. Zilikuwa 2E kweli, nzuri, soli haijaguswa, ila namba 42. Nilizishika muda mrefu, kisha nikamrudishia.